Pikipiki za Kilima cha Montjuïc

Mji wa Barcelona, nchini Hispania, umekaa baina ya bahari na vilima, na kimojawapo cha vilima hivyo huitwa Montjuïc. Urefu wake haufiki meta 200, na juu yake ipo ngome ya kale ya askari inayotazama bandari. Mwaka 1929 maonyesho makubwa ya kimataifa yalifanyika hapo, na kwa ajili yake yakajengwa majumba, bustani na barabara za kupandia. Zilikuwa barabara za matembezi, zenye miti na nguzo za taa kando yake, ambako baba na mama huwapeleka watoto wao kupunga upepo. Ndizo hizo hizo zilizofanywa uwanja wa mbio za pikipiki.

Mzunguko mmoja ulikuwa wa kilometa 3.79. Wapandaji waliondoka mbele ya uwanja wa michezo ulio juu, wakateremka kwa kona zilizokunjika kama kiwiko, kisha wakapanda tena kwa kasi kubwa. Ndugu msomaji uliyewahi kuendesha pikipiki mteremkoni unaijua taabu yake: uzito wote huelemea gurudumu la mbele, na breki ikishikwa kwa pupa, gurudumu hilo huteleza. Nje ya lami palikuwa na ukingo wa jiwe, na nyuma ya ukingo, mti.

Mwaka 1951 mashindano ya kuwania ubingwa wa dunia yalifika kilimani hapo kwa mara ya kwanza. Walakini mbio zilizopendwa mno na wenyeji ni zile za saa 24, zilizoanza mwaka 1955. Wapandaji wa pikipiki moja walipokezana, mmoja akipumzika huku mwenziwe akipambana na giza kwa taa yake moja. Katika mbio za namna hiyo nguvu ya injini si kila kitu. Mwaka 1957 Bruno Spaggiari na Alberto Gandossi walishinda kwa Ducati ya cc 125 tu, yaani injini ambayo leo twaiona kila siku ikibeba abiria na magunia. Chombo chepesi hukata kona bila kuchoka, hutumia petroli kidogo, na hakili mipira yake upesi.

Miaka ikapita, injini zikakua. Mwaka 1973 Salvador Canellas na Benjamín Grau, kwa Ducati ya cc 860, walizunguka mara 720. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilometa 2,700 kwa usiku na mchana mmoja, ambao wapita safari ya kutoka Mombasa hadi Kampala na kurudi. Lakini barabara ilikuwa ile ile ya mwaka 1929. Miti haikusogezwa, na ukingo wa jiwe ulibaki mahali pake.

Magari nayo yalishindana hapo. Mwezi wa Aprili 1975 madereva wa magari ya Formula 1 walikuta reli za chuma za kando ya barabara hazikufungwa sawasawa, wakakataa kufanya mazoezi. Mafundi wa magari wakashika spana wenyewe. Bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, Emerson Fittipaldi, hakuridhika, akajitoa. Siku ya mashindano, gari la Rolf Stommelen, lililokuwa likiongoza, lilivunjika bawa la nyuma, likaruka reli na kuua watu waliokuwa upande wa pili. Magari ya Formula 1 hayakurudi tena Montjuïc.

Pikipiki ziliendelea kwa miaka kumi na mmoja zaidi, na hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wakubwa wa mchezo ule. Reli humzuia dereva aliye ndani ya gari. Mpanda pikipiki aliyeanguka hujipigiza kwenye nguzo zake kwa kiwiliwili kitupu. Kama mahali hapafai kwa mtu aliyezungukwa na bati na chuma, patamfaaje yule aliyevaa ngozi na kofia tu? Wako wasemao kwamba mpandaji amejichagulia hatari yake mwenyewe. Na iwe hivyo kwake. Mtoto aliyeshikwa mkono kando ya barabara hakuchagua kitu.

Mwaka 1986, katika mbio za saa 24, mpandaji Domingo Parés alipata ajali akafariki. Baada ya hapo mbio hizo hazikufanyika tena kilimani. Mwaka 1991 ulifunguliwa uwanja mpya wa mashindano huko Montmeló, nje ya mji, wenye nafasi pana za mchanga na changarawe kwa ajili ya anayeanguka. Mwaka uliofuata Montjuïc ikapokea Michezo ya Olimpiki, katika uwanja ule ule ambao wapandaji walikuwa wakiondokea mbele yake. Barabara zingalipo hata leo. Mabasi ya wageni huzipanda polepole, na watu hushuka kwa miguu chini ya miti ile ile.