Printa ya Shangazi Haijafa, Iko Ujiji!

Wiki hii kijiwe chetu kimehamia Tabora, mji wa miembe na asali. Kilichonipeleka huko si harusi wala msiba. Ni wifi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa likizo kwa mama, Nzega. Jumanne usiku shangazi yangu wa Tabora akampigia mama simu, akaanza moja kwa moja bila hata salamu: "Wifi, wifi imegoma! Tangu jana nahangaika!" Mama akanyamaza. Alidhani anasemwa yeye. Mawifi hawa waliwahi kununiana mwaka mzima kwa ajili ya doti moja ya kitenge, kwa hiyo akajua vita vimerudi. Ikabidi niichukue simu mimi, ndipo nikaelewa kwamba inayosemwa ni wifi ile ya kwenye ruta. Shangazi ana printa isiyo na waya, na kila anapotaka kuprinti anajibiwa kwamba printa haionekani.

Si unajua tena, mtoto wa kaka ndiye fundi wa bure. Alfajiri nikadaka basi.

Shangazi ni mwalimu mstaafu, nyumba yake iko Isevya. Pensheni haimtoshi, kwa hiyo anajiongezea kwa kuchapa barua, mitihani ya shule na kadi za harusi. Jumamosi hiyo alikuwa na kazi ya programu 200 za harusi. Malipo ya awali alishachukua, na alishayatumia. Angeweza kuzipeleka mjini zikaprintiwe, lakini faida yote ingeishia huko huko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa ule kwanza."

Wakati nashughulika na bakuli la michembe kwa karanga, akanimwagia mkanda mzima. Mwanzoni mwa mwezi bando la intaneti lilianza kuisha kabla ya siku zake. Akaingia kwenye ukurasa wa ruta kama alivyofundishwa na binamu yangu, akaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kimoja hakukijua: hakina jina, kina namba na herufi tu. Akahitimisha kwamba mwizi ni binti aliyepanga chumba cha uani, anayesoma chuo hapo mjini. Jumapili akabadilisha neno la siri la wifi, asimwambie mtu, hata mwanawe wa kumzaa. Jumatatu printa ikapotea.

"Umeona? Amelipiza! Ameifunga printa yangu kwa mitandao yake. Nimempa notisi, mwisho wa mwezi aondoke."

Kha! Michembe ikanikwama kooni. Hapa pana kasheshe, na kasheshe yenyewe ina mtu ndani yake anayefungasha mabegi.

Sasa kabla ya kushika printa, tuingie kidogo kwenye historia ya mji huu. Kilomita chache kutoka mjini kuna Kwihara, na pale lipo tembe ambalo leo ni makumbusho. Mwaka 1871 alifikia hapo mwenzetu wa magazeti, Henry Morton Stanley wa New York Herald, akimtafuta David Livingstone. Ulaya wengi walishaanza kumzika mzee wa watu kwa midomo. Kumbe alikuwa hai, na Oktoba ya mwaka huo alirudi Ujiji akitokea Manyema, hoi, hana kitu. Je, barua zake zilikuwa wapi? Mfuko ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulikuwa umetoka Zanzibar, msafara wake ukazubaa Bagamoyo, ukaja kukwama hapa hapa Kwihara. Kisha Mirambo akagombana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley alijaribu kupigana upande wa Waarabu, wakachapwa. Septemba akaamua kuzungukia kusini, na kwa hesabu yake mwenyewe akafika Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, mfuko wa barua mkononi.

Mnaona ninakoelekea? Kutoonekana si kufa. Mtu yupo, mzigo upo, njia ndiyo imefungwa. Ukiambiwa "kifaa hakionekani", iwe printa, televisheni au kamera ya getini, usikimbilie kununua kingine wala kutafuta mchawi. Tafuta njia ilipokatika, kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni kuhakikisha kwamba mgonjwa yuko hai. Nikaizima printa, nikaiwasha, kisha nikabonyeza vitufe vyake itoe karatasi ya taarifa zake yenyewe bila kupitia kompyuta. Printa nyingi za wifi zina kitu hicho. Ikatoa safi kabisa. Kwa hiyo wino upo, roho ipo. Lakini karatasi ikasema haijaunganishwa na mtandao wowote.

Kituo cha pili ni hongo. Msinielewe vibaya! Zamani msafara ukipita kwenye nchi ya mtemi, ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo ukaruhusiwa kupita. Kwenye wifi hongo ni neno la siri. Shangazi alilibadilisha Jumapili. Simu yake akaipa jipya, printa hakuna aliyeiambia. Masikini ya Mungu, ikawa inagonga mlango na hongo ya zamani, inafukuzwa.

"Shangazi, aliyeifunga printa ni wewe."

Akanitolea macho. Nikaiwekea neno la siri jipya kwenye kioo chake. Nikachagua ule mtandao wa gigahezi 2.4, maana ruta nyingi za sasa zina masafa mawili, na printa nyingi za bei nafuu haziyaoni kabisa ya gigahezi 5. Hayo ya 5 yana kasi, lakini yanachoka haraka kwenye kuta, na kuta za nyumba ya shangazi ni nene kama za tembe. Dakika moja, taa ikatulia. Simu ya shangazi ikaiona printa. Vigelegele!

Lakini laptopu, yenye kazi ya harusi, bado ikagoma. Noma.

Kituo cha tatu: je, wote wako kwenye msafara mmoja? Nikaiangalia laptopu. Intaneti inapata, tena poa tu, ila jina la mtandao ni jingine. Binamu akaanza kujikuna kichwa. Kumbe yeye aliwahi kufungua "mtandao wa wageni" kwenye ruta ile kwa ajili ya washikaji zake, una neno lake la siri. Mama yake alipomnyima lile jipya, akaiunganisha laptopu huko kimya kimya. Sasa mtandao wa wageni kazi yake ndiyo hiyo: mgeni anapewa maji ya kunywa sebuleni, jikoni haingii. Anapata intaneti, lakini haruhusiwi kuona vifaa vya wenyeji. Tukairudisha laptopu kwenye mtandao wa nyumbani.

Tukabonyeza kuprinti. Kimya.

Kituo cha nne ni anwani. Ruta ndiyo kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara na bendera. Kila kifaa kikiingia kinagawiwa namba, inaitwa anwani ya IP, na namba hiyo ni ya kuazima, si ya kudumu. Zamani printa ilikuwa na anwani inayoishia na 14. Ilipopotea siku mbili, kirangozi akaigawa 14 kwa televisheni. Printa iliporudi ikapewa 23. Laptopu haina habari, inapeleka programu za harusi kwa 14, yaani kwa televisheni! Nikaifuta printa kwenye laptopu, nikaiongeza upya. Kisha nikaingia kwenye ruta nikaifungia printa namba yake iwe ya kudumu, asigawiwe mwingine.

Krrr, krrr... karatasi ya kwanza ikatoka, na majina ya maharusi yakimetameta. Shangazi akanipa tano kama mtoto wa kidato cha pili.

Kwako ukifika hapo na bado kimya, kagua mawili zaidi. Kama una programu ya VPN, izime kwanza, maana inaweza kuichepusha safari yako yote nje ya nyumba. Na kwenye kompyuta ya Windows, angalia kama mtandao wako umewekwa kuwa wa hadharani. Ukiwekwa hivyo, kompyuta inajificha na haishirikiani na vifaa jirani. Uweke kuwa wa binafsi, lakini nyumbani tu, si kwenye hoteli wala stendi.

Haya. Na mwizi wa bando je?

Nikamwomba shangazi afungue tena ile orodha ya ruta. Jambazi lisilo na jina bado lipo, limetulia, linakula bando. "Huyo hapo!" akasema.

Nikamuuliza: "Shangazi, neno la siri jipya analijua nani?"

"Mimi tu. Na wewe leo."

"Sasa binti wa uani amelipata wapi?"

Akanyamaza. Nikamwambia azime wifi kwenye simu yake mwenyewe. Tukaifungua orodha upya. Jambazi limetoweka! Akaiwasha, likarudi.

Simu hiyo aliinunua mwanzoni mwa mwezi. Simu za siku hizi, Android kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019 na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, zina tabia ya kuficha kitambulisho chao cha kiwandani na kujitungia cha bandia kwa kila mtandao, ili mtu asikufuatilie unapokwenda. Ni ulinzi mzuri, lakini kwenye orodha ya ruta zinaweza kuonekana kama mgeni asiyejulikana. Na bando? Simu mpya ilikuwa inasasisha programu na kuhifadhi picha na video zote za magrupu ya harusi mtandaoni, usiku kucha, mwenyewe amelala. Tukayazima hayo.

Shangazi alikaa muda mrefu ameshika simu. Halafu akachukua bakuli, akalijaza michembe, akaenda uani. Mimi nilibaki dirishani, umbea ndiyo kazi yangu. Nilimsikia mwalimu aliyefundisha miaka zaidi ya 30 akisema, "Mwanangu, nilikukosea." Binti akajibu, "Yameisha, mama." Lakini hayakuwa yameisha kirahisi hivyo. Alishalipia chumba kingine Ipuli kwa fedha ya kuazima, na mwenye nyumba wa huko aligoma kuirudisha. Shangazi akamwambia abaki, na mwezi ujao asilipe kodi. Akampa na neno la siri.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla ya kumpa mtu notisi, kagua vituo vinne: uhai, hongo, msafara, anwani. Na ukibadilisha neno la siri, kumbuka kuiambia na printa.

Mama naye kanituma nimwambie wifi yake kwamba ile kitenge bado anaidai. Hiyo kazi nimeikataa, haina kitufe cha kuzima na kuwasha.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.