Kodi ya Sinza Inalipwa na Mpunga wa Malinyi

Dar es Salaam unaweza kununua karibu kila kitu kwa kipimo cha mfuko wako. Mafuta ya kula yanapimwa kwa kijiko, sukari inafungwa robo, bando linauzwa la siku moja, luku unaweka hata ya elfu moja. Kitu kimoja kimekataa kupimwa: chumba. Ukitaka pa kulala kwa miezi miwili, utalipia sita. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba ndio utaratibu.

Mimi nasema huo si utaratibu. Ni ukuta, na umejengwa mahali pabaya kabisa: mlangoni mwa jiji, mbele ya kijana anayefika kwa mara ya kwanza kutafuta ujuzi.

Kila mwaka, vyuo vinapofunga katikati ya mwaka, maelfu ya wanafunzi hutawanyika kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Hii si hiari. Bila fildi hakuna alama, na bila alama hakuna cheti. Na ofisi nyingi zenye kazi ya kumfundisha mtu zimejaa Dar: wizara zilizobakiza idara zake, mabenki, bandari, magazeti, kampuni za simu, hospitali kubwa. Kwa hiyo binti wa Malinyi anapanda basi, anapita Lupiro, anavuka Mto Kilombero kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, anapita Ifakara na Mikumi hadi Morogoro. Tangu Juni 2024 anaweza kumalizia safari kwa treni ya umeme. Taifa limetumia mabilioni kumfupishia njia. Halafu anashuka jijini na kukuta hakuna aliyefikiria atalala wapi.

Tupige hesabu, maana hasira bila hesabu ni kelele. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukiweka kiwango cha juu cha shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya fildi, kwa siku zisizozidi 56. Jumla ni 560,000, kwa yule aliyebahatika kupewa kiwango kamili. Sasa chukua chumba kimoja cha kawaida, choo cha nje, kodi 70,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 420,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, 70,000 nyingine. Zimekwenda 490,000. Zimebaki 70,000 za kuishi siku 56, ambazo ni 1,250 kwa siku. Nauli ya daladala ya masafa mafupi, kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA mwishoni mwa 2023, ni 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Siku ya kazi imemwachia shilingi 50. Hapo hajala. Hajanunua godoro, wala ndoo, wala jiko, kwa sababu chumba chenyewe ni kuta nne na taa.

Sitaki kusikia kwamba vijana wa siku hizi hawajui kubana matumizi. Hamsini haibanwi.

Ajabu zaidi ni kinachotokea akishaondoka. Ameingia Julai, amelipa hadi Desemba. Mwisho wa Agosti fildi imekwisha, anarudi chuoni. Hela yake hairudishwi, na mikataba mingi inamkataza kumwachia mtu mwingine chumba. Septemba mwenye nyumba anampokea mpangaji mpya, naye analipa miezi sita. Kuanzia Septemba hadi Desemba chumba kile kimelipiwa mara mbili na watu wawili wasiojuana. Mtu akiuza shamba moja kwa wanunuzi wawili tunamwita tapeli na tunampeleka polisi. Akifanya hivyo kwa chumba, tunamwita mzee wetu, mwenye nyumba.

Njia nyingine zipo, nimeshaambiwa mara nyingi. Ya kwanza ni gesti. Gesti ya 15,000 kwa usiku, kwa siku 56, ni 840,000. Tena binti anayelala gesti peke yake miezi miwili atatazamwa kwa jicho ambalo hakuna mtu atamtazamia kaka yake. Ya pili ni zile nyumba za Mikocheni na Masaki zenye kila kitu ndani: kitanda, friji, intaneti, hata vijiko. Hizo ndizo ushahidi kwamba jiji hili linajua vizuri kukodisha nyumba yenye vitu kwa wiki mbili au miezi miwili. Linajua, ila limeamua kwamba elimu hiyo ni kwa ajili ya mgeni mwenye dola. Mwanafunzi wa Malinyi anaambiwa haiwezekani kitu ambacho mtalii anafanyiwa kwa kubofya simu.

Ya tatu ndiyo inayosifiwa kuliko zote: fikia kwa ndugu. Sina ugomvi na undugu. Wengi wetu tumefikia kwa mjomba, tumelala sebuleni, tumeshukuru. Lakini undugu si sera ya makazi. Ndugu ana chumba na sebule na watoto watano. Binti aliyefikia kwa shangazi huamka saa kumi kuchota maji na kupika chai ya nyumba nzima kabla ya kukimbilia ofisini, na jioni vyombo vinamsubiri. Hawezi kulalamika, kwani amehifadhiwa. Kaka yake, katika nyumba hiyohiyo, anaoga na kuondoka. Na asiye na ndugu Dar? Huyo hubaki wilayani, hupangiwa kupanga mafaili, na miaka miwili baadaye kwenye usaili huulizwa kwa nini hana uzoefu. Hivyo ndivyo ukuta wa kodi unavyochagua nani atakuwa nani, kimyakimya.

Sasa turudi Malinyi, kwa sababu bili hii haiishii kwa kijana. Mpunga wa bondeni huvunwa katikati ya mwaka, na wakati huo ndipo bei huwa chini, kila mtu anauza. Mzazi mwenye nafasi huweka magunia ghalani, akasubiri bei ipande kuelekea msimu wa kulima. Mzazi ambaye mtoto wake anatakiwa Dar mwezi Julai hana kusubiri. Anauza kwa bei ya siku hiyo, magunia yanapakiwa, na fedha inatumwa kwa simu kwenda kwa mtu wa Sinza ambaye hajawahi kuiona Malinyi. Miezi minne ya chumba ambacho hakuna mtu wake aliyelala imelipwa kwa mpunga wa familia inayoamka alfajiri kuwinga ndege. Mjini wakisema kijijini kuna umaskini, wajue sehemu yake inatoka wapi.

Na huko kwetu tungeweza kuwafundisha. Bondeni shamba linakodishwa kwa ekari na kwa msimu. Unalipia msimu unaolima. Hakuna mwenye shamba anayekwambia ulipie misimu mitatu ndipo ulime mmoja, na akikwambia, watu watamcheka.

Wenye nyumba wana hoja zao, na nitazitaja kwa haki. Wanasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi anakimbia na deni. Ni kweli, wapo. Wanasema fedha ya mkupuo ndiyo inayomalizia ujenzi, kwa sababu benki haiwakopeshi. Nayo ni kweli. Lakini hatari ya kukimbiwa inatibiwa kwa dhamana ya mwezi mmoja au miwili inayorudishwa ukikabidhi chumba salama. Nairobi, mji wenye matapeli wake, watu hulipa kodi ya mwezi na dhamana, na nyumba bado zinajengwa. Ama la kumalizia ujenzi, tuseme wazi: mwanafunzi amegeuzwa benki inayokopesha bila riba, bila dhamana, na bila kurudishiwa mkopo.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya soko huria. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji ameachwa apatane mwenyewe na mtu mwenye funguo. Lakini mwaka 2025, serikali ilipoamua kulinda shilingi, ilitoa kanuni za kuzuia bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, na kodi za nyumba zikiwemo. Kumbe inaweza kuingia ndani ya mkataba wa pango ikitaka. Ghana waliandika tangu 1963 kwamba kwa pango la mwezi kwa mwezi ni kosa kudai kodi ya awali inayozidi mwezi mmoja. Wengi wa wenye nyumba wa Accra wameipuuza, na wapangaji bado wanadaiwa mwaka mzima au miwili. Somo hapo ni kwamba sheria isiyo na mtu wa kuisimamia haimlindi yeyote, lakini angalau mpangaji wa Accra anajua kwamba anaonewa. Wetu hajui hata hilo, anadhani ni utaratibu.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje. Kwanza, vyuo vifungue mabweni wakati wa likizo ndefu kwa wanafunzi wa vyuo vingine walio fildi, kwa malipo ya wiki. Mabweni ya Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Wenyewe wakienda likizo, kitanda hakihitaji kupumzika. Barua ya fildi na kitambulisho vitoshe kumfungulia mtu mlango. Pili, sheria mpya ya pango iseme kwamba mkataba wa miezi mitatu kushuka chini hulipwa mwezi kwa mwezi pamoja na dhamana, na serikali ya mtaa iwe na nakala. Tatu, dalali alipwe na aliyempa kazi ya kutafuta mpangaji, na malipo yalingane na muda wa kukaa. Haiwezekani aliyekaa wiki nane amlipe sawa na anayekaa miaka minane.

Na wewe msomaji, ambaye pengine umeshavuka ukuta huu na sasa una chumba cha pili kisicho na mtu, au baba yako ana vyumba sita Kimara: usisubiri Bunge. Weka godoro, feni na ndoo mbili, andika kodi ya mwezi, mpangishe mwanafunzi kwa miezi miwili. Utapata hela yako halali, na Malinyi gunia moja litabaki ghalani hadi bei ipande.