Mtoto Huyu Amwambie Nani?



Kijana wenu asomaye sekondari huenda akarudi likizo na kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Chrysalids. Alikitunga Mwingereza John Wyndham, kikatolewa mwaka 1955. Mkimwona amekiinamia mpaka taa inazimika, msimnyang'anye. Mwambieni awasimulie, maana kina neno kwa wazazi.

Hadithi ni ya kubuni. Yatupeleka siku za mbele sana, nchi ya Labrador huko Kanada, baada ya maangamizi makubwa yaliyoiharibu dunia. Waliosalia ni wakulima, nao wana sheria moja kali: kila chenye uhai sharti kiwe na umbo lake la asili. Mimea ikiota vibaya huchomwa moto. Ndama akizaliwa na kasoro huchinjwa. Hata mtoto mchanga hukaguliwa, na mama hana raha mpaka apewe cheti.

Katika nchi hiyo akua David Strorm, mwana wa mkulima tajiri, mtu mkali wa dini. Mwili wake hauna kasoro. Walakini yeye na vijana wenzake wachache waweza kusemezana kwa mawazo tu, hata wakiwa mbali. Msishtuke, huu si uchawi. Mwandishi amebuni uwezo huo apate kutuonyesha jinsi mtoto aishivyo na siri asiyoweza kumwambia baba yake.

David ana rafiki, jina lake Sophie, mwenye vidole sita katika kila mguu. Wazazi wake wamemficha tangu kuzaliwa. Siku moja wayo wake wenye maji waonekana juu ya jiwe, na siri yafichuka. Jamaa nzima yakimbia usiku. Naye baba yake David ashika mjeledi, ili mwanawe aseme yote ayajuayo.

Basi mjeledi ule ulimfundisha David nini? Kumwogopa baba, na kuficha zaidi.

Tazameni sasa mtu mwingine, mzee Axel, jamaa yao, aliyekuwa baharia zamani. Yeye alimkuta David peke yake, akisema kama aongeaye na mtu. Hakupiga kelele, wala hakwenda kushtaki. Alimwuliza kwa upole, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonya asiseme tena kwa sauti, maana angeweza kupata hatari. Tangu siku ile David alikuwa na mtu mzima wa kumkimbilia.

Twapenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini mtoto aliye na kifafa, au mwenye kigugumizi, au albino, au yule akaaye kimya kuliko nduguze, hakosi adabu. Fimbo haitamponya. Na jirani akianza kunong'ona kwamba mtoto huyo ana jambo, wa kwanza kusimama mlangoni awe baba yake.

Mwisho wa kitabu haukunipendeza. Watu wa nchi ya mbali waja kwa chombo cha angani kuwaokoa vijana, nao pia wasemezana kwa mawazo. Wawaua waliowafukuza, na kiongozi wao asema watu wa namna ya zamani hawana budi kuwapisha walio bora. Loo! Jana walidharauliwa wenye vidole sita, leo wadharauliwa wenye vitano. Kosa ni lile lile, limebadili mwenyewe tu. Sura ya Mungu haimo katika hesabu ya vidole, wala haimo katika ubora wa akili.

Basi, leo jioni baada ya chakula, mtazameni kila mtoto mmoja mmoja. Je, huyu akiwa na neno zito moyoni, atamwambia nani? Kama jibu si baba wala mama, anzeni leo kuketi naye.