Bahari imefunguliwa, bwawa limefungwa

Mwaka 2016 mameya wapatao 30 nchini Ufaransa, wakitanguliwa na wa Cannes, walipiga marufuku burkini ufukweni. Vazi lenyewe, ndugu Waislamu, ni suruali, kanzu fupi na kifuniko cha kichwa. Kwetu mwambao akina mama huingia baharini na kanga zao kulima mwani, wala hatujaona diwani akiwapima nguo.

Tarehe 26 Agosti 2016 Conseil d'État, mahakama ya juu ya mashauri ya utawala nchini humo, ilisimamisha amri ya mji wa Villeneuve-Loubet, kwa kuwa hapakuthibitika hatari yoyote kwa amani ya umma. Tulishukuru. Lakini mwaka 2022 baraza la mji wa Grenoble liliporuhusu vazi hilo katika mabwawa yake ya kuogelea, mahakama ile ile, tarehe 21 Juni, ilithibitisha kuzuiwa kwa ruhusa hiyo. Ilisema ruhusa imetolewa kukidhi dai la kidini, na inavunja usawa wa watumiaji.

Hoja ya usafi tumeisikia, na ni kweli kwamba mabwawani huko hata wanaume hukatazwa kaptula pana. Ingekuwa ni usafi peke yake, tungenyamaza. Hukumu imetaja dini.

Tena kuogelea hakufundishwi katika mawimbi, hufundishwa bwawani. Dada zetu wameachiwa bahari, wakanyimwa mahali pa kujifunzia. Basi walioweka kanuni hizi watujibu: mama asiyejua kuogelea atamfuataje mwanawe aliyechukuliwa na mkondo?