Ukikojoa damu Nanyuki, sema ulikulia wapi



Wengi wetu hapa Nanyuki hatukuzaliwa kwenye baridi hii. Kuna wa Tana River, wa Kwale, wa Kilifi. Tumeletwa na biashara, chuo au kazi. Huko kwetu, mtoto kukojoa damu watu walishazoea. Jamani, si kawaida. Ni kichocho.

Minyoo hii huingia kupitia ngozi ukiwa kwenye maji yenye konokono wake. Inaweza kuishi miaka mingi kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, ikitaga mayai. Ukihamia mlimani, unahama nayo.

Shida ni kwamba kichocho cha mkojo si ugonjwa wa huku. Mhudumu akiona kijana ana damu kwenye mkojo, ni rahisi awaze magonjwa ya zinaa kwanza. Unapewa antibayotiki, unarudi nyumbani na aibu, unanyamaza. Dada zetu ndio huumia zaidi, maana kichocho hushika hata njia ya uzazi, na maneno ya watu hayaishi.

Kunyamaza kuna gharama. Prazikwanteli huua minyoo, lakini haifuti kovu la zamani. Kovu likiziba mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo unarudi nyuma na figo inavimba, pengine bila maumivu. Hapo ni upasuaji: sehemu iliyoziba inakatwa, mrija unaunganishwa upya na kibofu. Ukichelewa sana, figo yenyewe inakufa. Na kichocho cha muda mrefu huleta saratani ya kibofu.

Kwa hivyo, ukienda hospitali, sema wazi ulikulia wapi na ulioga maji gani. Omba mkojo upimwe mayai ya kichocho, utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Yasipoonekana, usiridhike haraka, kwa sababu madhara ya zamani yanaweza kubaki mayai yakiwa machache. Omba altrasaundi ya figo na kibofu. Ikionyesha uvimbe, dai rufaa kwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo.

Hii si fadhila ya mtu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya afya. Nasi tuidai kaunti ya Laikipia: swali "umekulia wapi?" liulizwe kila mgonjwa mwenye damu kwenye mkojo, na dawa iwepo.

Dini yetu imetuhimiza kujitibu. Haya isikuue figo. Mtumie ujumbe huu rafiki yako wa Hola, leo.