Taya Lililotangulia Si Laana

Katika shule zetu, pamoja na za hapa Bungu, mwanafunzi ambaye taya lake la chini limelipita la juu hupata jina la utani kabla ya kupata ushauri. Desturi hiyo haistahili mahali panapofundishwa baiolojia.

Taya ni mfupa, na umbo lake hutokana zaidi na urithi. Kunyonya kidole kwa miaka mingi, au mvunjiko uliounga vibaya, huweza pia kulipotosha. Meno ya mbele yasipokutana, kung'ata muhogo huwa taabu, na baadhi ya sauti hazitamkiki sawasawa. Basi tiba yake si pambo.

Mwaka 1957 Hugo Obwegeser alieleza namna ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya kinywa, bila kuacha kovu usoni. Mfupa hutenganishwa pande zote mbili, husogezwa, kisha hukazwa. Siku hizi kwa vibati na skrubu za titani. Lakini upasuaji huo husubiri ukuaji ukome, aghalabu karibu na umri wa miaka 18. Kabla ya hapo, baadhi ya kasoro hurekebishwa kwa nyaya za meno tu.

Kwa hiyo dhihaka ina gharama: humfanya mtoto afunike mdomo, na nafasi ya tiba nyepesi ikampita. Muhimbili imefundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979. Mwalimu na amwite mzazi mapema, amwelekeze hospitali.