Jiwe la Mugonjwa Tusiliinue

Ku hospitali tunaona mutu aliyevunjika mfupa wa paja: mguu umefungwa kamba, kamba inapita ku puli, na uzito unaning'inia. Wageni wengine wanaona huruma, wanauinua. Huruma ya namna hiyo tunaikataa! Kilo 5 zinavuta kwa nyutoni 49 hivi, kushinda misuli ya paja inayotaka kupandanisha mifupa. Ukiuinua, mguu unaweza kupona ukiwa mufupi.

Kitanda nacho kimeinuliwa upande wa miguu, ili uzito wa mwili uvute kuelekea kichwa. Bila hiyo mugonjwa angeteleza kufuata kamba. Darasani wengine wanasema: ametulia, basi hakuna nguvu. Hapana, nguvu ziko, zinalingana tu. Uzito ukigusa chini, tumwite muganga mbio.